Nyumba Iliyofanya Masahihisho

Kulikuwa na nyumba katikati ya migomba. Nyumba ilikuwa na mlango, na mlango ulikuwa na sauti.

Ukiufungua, ulisema: kwiiii.
Ukiufunga, ulisema: ta.

Ndani ya nyumba hiyo aliishi mtoto aliyeitwa Kokuhirwa. Jina lilikuwa refu na yeye alikuwa mfupi, kwa hiyo watu walimwita Koku.

Koku aliishi na Mama, na Baba, na Bibi. Bibi ndiye aliyefunga mlango kila jioni. Hiyo ilikuwa kazi yake, na hakumwachia mtu.

Kwanza alichungulia nje, aone kama kuku wote wameingia bandani. Halafu aliuvuta mlango taratibu, kwa mikono miwili.

Kwiiii. Ta.

"Mlango umelala," alisema Bibi. "Na wewe lala, mke mwenzangu."

Koku alicheka. Kila jioni Bibi alimtania hivyo, na kila jioni Koku alicheka.

"Mimi si mke wa mtu, Bibi. Mimi niko darasa la kwanza."

"Basi lala, mke mwenzangu wa darasa la kwanza."

Na Koku alilala.

Jumamosi moja, saa tisa alasiri, jua lilikuwa kali. Mama alikuwa uani akimenya ndizi. Baba alikuwa akinoa panga.

Bibi alikuwa ameketi kwenye mkeka, akitafuna buni zake za kahawa. Koku alikuwa akipanga maganda ya ndizi kwa mstari, kama treni.

Kuku walinyamaza. Wote, kwa pamoja.

Halafu chini, chini sana, kitu kikanguruma.

Ngurrrr.

Sahani jikoni zikasema: kela-kela-kela. Migomba ikacheza, na upepo haukuwepo.

Ngurrrr. Ngurrrr.

Mama alimshika Koku. Baba alimshika Bibi. Wakakaa chini katikati ya uwanja, mbali na kuta, na ardhi ikawapepeta kama mchele kwenye ungo.

Halafu ikatulia. Treni ya maganda ilikuwa imetawanyika.

"Mama, ilikuwa nini ile?"

"Tetemeko la ardhi, mwanangu."

"Limekwenda wapi?"

Mama alimkumbatia Koku, akamfuta vumbi usoni, akamkumbatia tena.

Siku ile nyumba nyingi kijijini zilianguka. Ukuta wa shule ulianguka. Watu waliumia, na wengine walizikwa, na kwa siku nyingi watu walizungumza kwa sauti ndogo.

Nyumba ya Koku haikuanguka. Ilibaki imesimama, lakini ufa ulipanda ukutani kutoka chini hadi juu, na kona moja iliinama kama mtu mwenye usingizi.

"Hatuingii tena humo," alisema Baba. "Hata kufuata kijiko."

Baba alichomeka miti minne uwanjani, akafunga turubai la bluu. Mama alitandika majani makavu ya migomba. Wote wanne wakalala hapo.

Upepo ulipiga turubai: fwapu, fwapu. Fwapu, fwapu.

Jioni ile Bibi alisimama. Alitazama kuku. Akanyoosha mikono yake miwili, na mikono ikabaki hewani.

"Turubai halina mlango," alisema Bibi. "Sasa nitakuambiaje ulale?"

Koku alijilaza kwa ubavu. Kutoka pale aliiona nyumba yao, karibu, hatua ishirini tu. Akaiimbia polepole:

Nyumba yetu, nyumba yetu,
nakuona, siingii.

Baada ya siku chache alikuja mkaguzi. Alikuwa na kofia ngumu ya njano na kopo la rangi nyekundu.

Alizunguka nyumba ya jirani. Akagonga ukuta: ngo, ngo. Akachora alama ya vema.

Alizunguka nyumba ya Koku. Akagonga ukuta: ngo, ngo. Akautazama ufa, akatikisa kichwa, akachora alama kubwa, mstari huu na mstari ule.

X.

Koku aliijua alama hiyo. Kila mtoto wa darasa la kwanza anaijua. Mwalimu huiweka kwenye daftari, kwa kalamu nyekundu, ukikosa.

Mwesiga, mtoto wa jirani, naye aliijua.

"Yetu imepata," alisema Mwesiga. "Yenu imekosa."

"Haijakosa."

"Imekosa. Soma mwenyewe. Nyumba yenu imepata sifuri."

Koku alimtolea ulimi. Lakini usiku ule aliitazama ile X hadi giza likaimeza.

Nyumba yetu, nyumba yetu,
nakuona, siingii.

Bibi alianza kukohoa. Upepo wa turubai ulikuwa wa baridi, na kifua chake kilikuwa cha kizee.

Kohu. Kohu. Fwapu, fwapu. Kohu.

"Nitampeleka kwa dada yangu, Muleba," Baba alimwambia Mama. "Kule nyumba ni nzima, haina ufa."

Asubuhi pikipiki ilikuja. Bibi alikunja mkeka wake. Alibeba kikapu chake kidogo cha buni za kahawa.

"Utarudi lini, Bibi?" aliuliza Koku.

"Nyumba ikiwa sawa."

"Lini itakuwa sawa?"

Bibi alimtia buni moja mkononi, akamfunga vidole. "Nitunzie hii. Nikirudi nitaidai."

Pikipiki ikasema: prrrrr. Ikapita migombani, ikapungua, ikaisha.

Koku aliinusa ile buni. Ilinukia kama Bibi.

Kila jioni Shangazi alipiga simu kutoka Muleba, na Bibi akazungumza. Bibi huongea na simu kwa sauti kubwa, kama mtu anayeita ng'ambo ya mto.

"Mlango umelala?" aliuliza Bibi.

"Hapana, Bibi. Huku hakuna mlango."

"Basi uigize mlango wewe, kwa mdomo."

Koku akavuta pumzi. "Kwiiii. Ta."

"Mmh," alisema Bibi. "Umekaribia."

Lakini haikuwa sauti yenyewe. Koku alijua. Bibi pia alijua.

Shuleni, watoto walisoma chini ya turubai la kijani. Mwalimu Adventina aliegemeza ubao kwenye ndoo.

Koku aliandika: saba jumlisha tano ni kumi na moja.

Mwalimu akaweka X.

Koku aliitazama. Akaifunika kwa kiganja.

"Kuna nini, Koku? Ni hesabu moja tu. Futa, fanya masahihisho, uniletee."

Koku akafuta. Akahesabu kwa vidole vya mikono, halafu vya miguu. Akaandika: kumi na mbili.

Mwalimu akaweka vema, hapo hapo, juu ya X. Vema ilikuwa kubwa kuliko kosa.

"Mwalimu," alisema Koku. "Kumbe kosa linaweza kuondoka?"

"Ndiyo maana tuna ufutio, mwanangu."

Koku alifikiri njia nzima ya kurudi nyumbani. Nyumba imekosa. Kosa huondoka. Ikipata vema, Bibi atarudi.

Kumbe ilikuwa rahisi hivyo.

Siku ile Mama alikuwa akifua, na Baba alikuwa shambani. Koku alichukua kopo. Akatia udongo mwekundu, akatia maji, akakoroga. Likawa rojo jekundu kabisa, kama rangi ya mkaguzi.

Akachukua kipande cha mgomba kiwe brashi.

Hatua moja, hatua mbili. Hatua ishirini. Akafika ukutani.

X ilikuwa kubwa kuliko yeye. Koku akanyoosha mkono. Akachora mstari mfupi wa kwanza wa vema.

Akachovya tena, achore mstari mrefu.

Chini, chini sana, kitu kikanguruma.

Ngurr.

Ilikuwa ndogo. Ilikuwa fupi. Lakini ule ufa ulifumbua mdomo, na tofali moja likatoka juu, likaanguka karibu na mguu wa Koku.

Pu.

Koku hakuweza kusogea. Mikono miwili yenye povu la sabuni ikamnyakua kwa nyuma, ikamkimbiza hadi katikati ya uwanja.

Alikuwa Mama. Ardhi ilikuwa imeshatulia, lakini Mama alikuwa bado anatetemeka.

"Koku. Ulikuwa unafanya nini pale?"

"Nilitaka ipate tu."

"Ipate nini?"

"Ipate vema. Ili Bibi arudi."

Mama alitazama ukutani. Aliuona ule mstari mfupi, mwekundu, unaochuruzika. Hakugomba. Aliketi chini, akamweka Koku mapajani, na povu likamlowesha.

"Ile si kalamu ya mwalimu," alisema Mama. "Ile alama inasema: msinikaribie, nitawaangukia."

"Kwa hiyo nyumba yetu haikukosa?"

Mama akamfuta povu shavuni.

"Kesho anakuja Fundi Projestus," alisema. "Muulize yeye. Mimi hesabu za nyumba sizijui. Lakini pale ukutani usirudi tena. Umenisikia?"

"Nimesikia, Mama."

Fundi Projestus alikuja asubuhi. Alikuwa mnene, na sikioni alikuwa amechomeka penseli nyekundu.

Koku aliitazama ile penseli. Penseli nyekundu, kama ya mwalimu.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye nyumba?"

"Nyumba ni ya Bibi. Yuko Muleba. Anasubiri." Koku akashusha sauti. "Fundi, nyumba yetu ilikosa nini?"

Fundi aliitazama X. Akautazama ule mstari mfupi wa udongo. Hakucheka.

"Njoo huku mbali nikuoneshe," alisema.

Akachukua matofali mawili, akayaweka chini, ubavu kwa ubavu.

"Chini ya migomba kuna nini?"

"Udongo."

"Na chini ya udongo?"

Koku aliinama, akatazama chini.

"Mwamba," alisema Fundi. "Tena si mmoja. Ni vipande vikubwa, vikubwa kuliko kijiji, vikubwa kuliko mkoa. Vinasukumana."

"Nani anavisukuma?"

"Ndani kabisa dunia ina joto kali. Umeona ndizi zinavyosogea sufuriani zikichemka? Basi vile vipande husogea. Ila polepole. Polepole kama kucha zako zinavyoota."

Koku alizitazama kucha zake. Hazikusogea hata kidogo.

"Una kitu kidogo tuweke hapa juu?" aliuliza Fundi.

Koku alitoa ile buni ya Bibi mfukoni. Aliishika kidogo kwanza, halafu akampa.

Fundi akaiweka juu ya matofali. Akayasukuma, moja huku, jingine kule. Matofali yakakwama. Akasukuma tena. Yakakwama.

"Hivi ndivyo vile vipande vinavyokaa. Mwaka huu vimekwama. Mwaka kesho vimekwama. Tangu bibi wa bibi yako, vimekwama. Halafu siku moja..."

Kwach.

Matofali yakateleza. Buni ikaruka, ikaanguka mchangani.

"Hilo ndilo tetemeko," alisema Fundi. "Na lile dogo la jana ni mwamba unajikalisha vizuri, kama mtu anayejigeuza kitandani."

Koku aliokota buni, akaipuliza vumbi. Alikuwa na swali jingine. Lilikuwa limekaa tumboni tangu Jumamosi ile.

"Fundi, mwamba ulitukasirikia?"

"Kwa nini ukasirike?"

"Siku ile sikumaliza uji."

Fundi alipiga magoti, tumbo lake likagusa ardhi.

"Sikiliza, mama. Mwamba hauna masikio wala moyo. Hata ungemaliza uji wa kijiji kizima, mwamba ungeteleza vilevile."

Koku alishusha pumzi ndefu. Ilikuwa imekaa ndani siku nyingi.

"Sasa simama," alisema Fundi. "Miguu pamoja."

Koku akasimama. Fundi akamgusa begani kwa kidole kimoja, na Koku akapepesuka. Fundi akawaita Mama na Baba.

"Sasa panua miguu. Mama, mshike mkono huu. Baba, mshike mkono huu. Nyinyi wawili mshikane huko nyuma."

Wakashikana, duara kamili. Fundi akasukuma. Wakayumba wote pamoja, wakarudi wote pamoja. Hakuna aliyeanguka.

"Kuta za nyumba yenu hazikushikana," alisema Fundi. "Kila moja ilisimama peke yake. Babu yako aliijenga kwa moyo. Lakini hili swali la tetemeko hakuna aliyemfundisha."

"Basi ifanye masahihisho," alisema Koku.

Fundi alichomoa penseli sikioni.

"Ndiyo," alisema. "Ifanye masahihisho."

Koku alikuwa amesahau kitu kimoja. Masahihisho huanza kwa kufuta.

Wanaume walikuja na nyundo kubwa na kamba. Kwanza Baba aliung'oa mlango, akaulaza chini ya turubai. Halafu wakavuta.

Guuu. Vumbi likapanda juu ya migomba.

Koku alificha uso kwenye kanga ya Mama. Alipofunua, pale palipokuwa na nyumba palikuwa na anga.

Nyumba yetu, nyumba yetu,
nakutafuta, sioni.

Jioni ile alikwenda kuketi karibu na mlango. Aliusukuma. Aliuvuta. Mlango ulikaa kimya.

"Bibi, mlango upo," alisema kwenye simu. "Lakini hausemi."

"Mlango ukiwa peke yake hausemi," alisema Bibi. "Utasema na nani? Unangoja nyumba yake."

"Na mimi nangoja."

"Na mimi, mke mwenzangu. Buni yangu unayo?"

"Ninayo. Ilianguka mara moja tu."

Masahihisho yalianza. Kwanza msingi. Walichimba hadi kiunoni mwa Fundi. Koku alipoingia, alionekana kichwa tu.

Chepe zilisema: chwa, chwa. Chwa, chwa.

Halafu kona nne. Kila kona ilipewa nondo ndani, ndefu na ngumu, kama mfupa mgongoni.

Matofali yakapanda, mstari juu ya mstari. Yale mazima ya nyumba ya zamani yalirudi kazini. Koku aliyajua kwa weusi wa moshi wa jikoni.

Mwesiga alikuja akasimama pembeni, mikono nyuma.

"Mnafanya nini?"

"Masahihisho," alisema Koku.

Mwesiga akakuna mguu mmoja kwa mguu mwingine. "Naweza kubeba kokoto?"

"Nyinyi si mmeshapata?"

"Tumepata. Lakini kwetu hakuna kokoto."

Koku akampa kopo. Lilikuwa lile lile la udongo mwekundu. Wakabeba kokoto pamoja, kopo kwa kopo.

Mvua zilianza. Zilipiga turubai: papapapa. Kazi ikasimama siku moja, siku mbili, siku tano.

Na baada ya mvua wakaja senene, wale panzi wa kijani, wengi kama manyunyu. Watoto wote walikimbia kuwadaka. Mama aliwakaanga, na harufu ikajaa turubai.

Koku alikula wachache. Wengine aliwatia kwenye kikopo, akafunika.

"Wa nani hao?" aliuliza Baba.

"Wa Bibi."

Baba akaongeza konzi ya senene wake kwenye kile kikopo.

Papapapa, ilisema mvua. Koku alilala akikishika kile kikopo. Pale uwanjani kuta zilikuwa zimesimama, bila paa, bila mlango.

Nyumba yetu, nyumba yetu,
nakuona, siingii.

Jua lilirudi. Fundi akapanda juu ya kuta, akafunga mkanda wa zege. Mkanda ulizunguka nyumba nzima, ukapita juu ya madirisha, ukapita juu ya nafasi ya mlango, ukarudi ulipoanzia.

"Umeona?" alisema Fundi kutoka juu. "Sasa zimeshikana mikono."

Koku alizunguka nyumba kwa miguu, kichwa juu, akiufuata mkanda. Hakuona pengo.

Mabati yakapanda. Ngonga, ngonga, ngonga.

Mwisho kabisa wakaleta mlango. Fundi aliuinua, akauweka mahali pake, akakaza bawaba. Akausukuma.

Kwiiii.

Koku aliyekuwa akichezea kokoto alisimama ghafla.

"Bawaba hizi zinalia," alisema Fundi. Akatoa kichupa cha mafuta. "Tone moja hapa, tone moja pale, hutausikia tena."

"Usiupake, Fundi."

"Mlango mzuri haulii, mama."

"Huu haulii," alisema Koku. "Unasema. Bibi akija asipousikia, hatajua kama ni kwake."

Fundi alimtazama. Akakitazama kichupa. Akakifunga.

"Miaka thelathini niko kwenye ufundi," alimwambia Baba. "Sijawahi kuombwa kuuacha mlango na kelele zake."

Halafu akachomoa penseli nyekundu sikioni, akampa Koku.

"Haya, Mwalimu. Nimemaliza. Nisahihishie."

Koku aliishika ile penseli. Alitazama kona nne. Alitazama mkanda. Akarudisha penseli.

"Bado," alisema. "Bibi hajaingia."

"Basi kaa nayo," alisema Fundi. "Mimi nina nyingine."

Jumapili moja pikipiki ikasikika migombani. Mbali kwanza. Halafu karibu. Prrrrr.

Koku alikimbia hadi kandambili moja ikabaki njiani.

Bibi alishuka polepole. Alikuwa amekonda kidogo. Mkeka wake ulikuwa begani, kikapu chake mkononi.

"Buni yangu," alisema Bibi, akanyoosha kiganja.

Koku aliitoa mfukoni. Ilikuwa imechakaa, na ina vumbi la tofali. Bibi aliitia mdomoni hivyo hivyo, akaitafuna, akafumba macho.

"Imenoga," alisema.

Halafu wakashikana mikono, wakaizunguka nyumba. Bibi aligonga kila kona: ngo, ngo. Ngo, ngo. Aligusa tofali moja lenye weusi wa moshi.

"Wewe nakujua," aliliambia.

Walikula ndizi na maharage, na senene wa kwenye kikopo. Jua likashuka. Mama akatandika kitanda cha Koku, ndani, chini ya bati.

Bibi alisimama.

Kwanza alichungulia nje. Kuku wote walikuwa wameingia bandani. Halafu akanyoosha mikono yake miwili, na safari hii mikono ilikuta kitu.

Kwiiii.

Ta.

Bibi alibaki ameshika mlango, mgongo wake ukiwa kwao. Mabega yake yalipanda, yakashuka.

Koku alitoa penseli nyekundu. Akapita chini ya mkono wa Bibi. Nyuma ya mlango, pale chini alipofika, akachora vema. Mstari mfupi, halafu mstari mrefu.

"Imepata," alisema Koku.

Bibi alifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Mlango umelala," alisema. "Na wewe lala, mke mwenzangu wa darasa la kwanza."

"Mimi niko darasa la pili sasa, Bibi."

"La pili?" Bibi alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni. "Kumbe nimechelewa hivyo."

Akampeleka kitandani, akajilaza pembeni yake. Kikohozi hakikuwepo. Fwapu-fwapu haikuwepo. Kulikuwa na pumzi ya Bibi tu, yenye harufu ya kahawa.

Huko chini, chini sana, miamba ilikuwa ikisukumana, polepole kama kucha za Koku zinavyoota. Juu yake, kuta nne zilikuwa zimeshikana mikono.

Koku aliimba, nusu macho, nusu usingizi:

Nyumba yetu, nyumba yetu,
nakuona, naingia.